Namna ya kuisoma hukumu ya Vuitton ya 1987 bila kupotea njiani

Kuna hukumu moja ya Mahakama ya Juu ya Marekani watu wanaitaja ovyo kila zikianza stori za mabegi feki ya Louis Vuitton (LV), ile kampuni ya mikoba ya Paris, utasikia mtu anakwambia "wee, Marekani jamaa walilambwa miaka mitano kwa kuuza LV feki na Mahakama ya Juu ikabariki". Ukiifungua hukumu yenyewe unakuta Mahakama ya Juu ilifanya kinyume kabisa, iliwafutia hatia wote waliofika mbele yake. Na wala haikusema mabegi yalikuwa halali. Kwa hiyo huu hapa mwongozo wa kuisoma hatua kwa hatua, kwa mwanafunzi wa sheria, kwa mfanyabiashara mwenye nembo yake, na kwa yeyote aliyebandikwa zuio la mahakama na anataka kujua kukaidi amri kunaishia wapi. Tafuta kalamu na karatasi, hii huisomi ukiwa kwenye daladala.

Hatua ya 1: pata karatasi yenyewe, siyo muhtasari wa mtu

Jina lake ni Young v. United States ex rel. Vuitton et Fils S.A., na namba yake ni 481 U.S. 787. Ukiitafuta kwa namba hiyo inakuja bure, Maktaba ya Bunge la Marekani wanayo na tovuti za sheria kama Justia na ile ya chuo cha Cornell wanayo pia, usilipie kitu. Ilitolewa Mei 1987.

Sasa ukiifungua tu, kurasa za mwanzo utakuta muhtasari mzuri umepangika vizuri, unaitwa syllabus. Usome, lakini usije ukaunukuu kama maneno ya mahakama, maana huo unaandikwa na ofisa wa mahakama kurahisishia watu, si sehemu ya hukumu. Wanafunzi wengi wanaishia hapo hapo kwenye syllabus na ndo maana wanabeba nusu ya stori.

Na jina lisikuchanganye. Young ni mmoja tu kati ya waliohukumiwa na wala siye mhusika mkuu. Upande wa pili jina linaanza na Marekani kama nchi, afu baada ya "ex rel." (kifupi cha Kilatini, yaani kwa maombi ya) ndo anakuja Vuitton. Weka alama hapo, maana ugomvi wote wa kesi umejificha kwenye huo mkao, serikali mbele na kampuni nyuma yake inaendesha.

Hatua ya 2: andika mtiririko wa matukio kwa mkono wako

Hii ndo hatua ya kutumia muda, maana ukikosea tarehe hapa hoja zote za mbele zitakuwa kama Kichina.

1978. Vuitton wanaifungulia kesi ya madai familia moja ya New York yenye kampuni za kutengeneza mikoba: baba, mama, mtoto wa kiume na kampuni zao. Dai ni kwamba wanatengeneza na kusambaza mikoba yenye nembo ya kuiga ya Vuitton. (Na hapa kuna kichekesho kidogo kwa anayeijua historia ya hao jamaa wa Paris, ile kanvasi ya herufi LV na maua ilibuniwa 1896 kwa sababu hiyo hiyo, walikuwa wamechoka kuigwa.)

Julai 1982. Pande mbili zinapatana. Familia inakubali kulipa dola 100,000 na inakubali zuio la kudumu. Lisome hilo zuio neno kwa neno, linataja kutengeneza, kuzalisha, kusambaza, kuuza, kuweka sokoni, kutangaza, kuonyesha, yaani karibu kila kitenzi ambacho wakili alikikumbuka siku hiyo, kwa bidhaa yoyote yenye nakala au mwigo wa nembo ya Vuitton. Na angalia kitu muhimu: zuio hili lilitokana na makubaliano, lakini likishasainiwa na jaji linakuwa amri ya mahakama. Ukilivunja unagombana na mahakama, siyo na Vuitton peke yao. Watu wengi wanakubali zuio kama wanakubali risiti, "tusaini tuyamalize", na hapo ndo balaa linapozaliwa.

Mapema 1983. Vuitton na Gucci wanaajiri wapelelezi binafsi kufanya mtego. Mmoja wao alikuwa Melvin Weinberg, yule tapeli aliyewahi kutumiwa na FBI kwenye operesheni ya Abscam, ile iliyomwangusha seneta mmoja na wabunge sita. Wapelelezi wanajifanya wanunuzi wa mikoba feki, wanatajiwa jina la yule baba wa familia kuwa ndiye mtengenezaji, wanapelekwa kwa mtu mwingine, mazungumzo yanafika hadi kuwekeza kwenye kiwanda huko Haiti cha kutengeneza Vuitton na Gucci feki.

Machi 31, 1983. Hapa simama. Wakili wa Vuitton, yule yule aliyekuwa anawawakilisha kwenye kesi ya madai, anaenda kwa jaji wa wilaya anaomba ateuliwe yeye na mwenzake kuwa waendesha mashtaka maalum wa kosa la jinai la kudharau mahakama. Jaji anaona kuna sababu za kutosha, anakubali, na anamshauri awataarifu mawakili wa serikali. Anawataarifu, anawaambia kanda na ushahidi vipo mkivitaka. Mkuu wa kitengo cha jinai wa ofisi hiyo hakuonyesha kuvutiwa zaidi ya kumtakia kila la heri.

Ndiyo, kila la heri. Hicho kituko kipo kwenye hukumu yenyewe. Kwa kama mwezi mmoja baada ya hapo zikarekodiwa kanda zaidi ya 100 za sauti na video, Aprili 26 mahakama ikaombwa iwaite watu waje wajieleze kwa nini wasihesabiwe kuwa wamedharau amri. Washtakiwa wawili walikiri makosa. Yule baba juri (raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia) ikamkuta na hatia ya kudharau mahakama, wengine wakakutwa na hatia ya kumsaidia. Adhabu zilianzia miezi sita hadi miaka mitano. Mahakama ya rufaa ikaziacha zilivyo mwaka 1985.

Na baada ya hapo ndo wanaenda Mahakama ya Juu.

Hatua ya 3: tenganisha dharau ya madai na dharau ya jinai kabla hujaendelea

Ukiruka hii hatua utapotea, nakuhakikishia. Kukaidi amri ile ile moja kunaweza kuzaa vitu viwili tofauti.

Dharau ya madai lengo lake ni kukusukuma utii, au kumfidia yule aliyeumia. Mahakama inasema utalipa kiasi fulani kila siku mpaka uache, au utakaa ndani mpaka utekeleze. Majaji wa Marekani wana msemo wao wa zamani kwamba mtu wa namna hii funguo za jela anazo mfukoni mwake mwenyewe, akitii anatoka.

Dharau ya jinai ni adhabu kwa kilichokwishatokea. Hata ukitii kesho, miezi yako unaitumikia. Kwa hiyo unapata haki za mshtakiwa: unahesabiwa huna hatia mpaka ithibitishwe pasipo shaka, huwezi kulazimishwa kujitolea ushahidi, na adhabu ikizidi miezi sita una haki ya juri, hilo lilishatulizwa tangu kesi ya Bloom v. Illinois ya 1968. Sheria yenyewe ya dharau kwa mahakama za shirikisho haijaweka ukomo wa kifungo, ndo maana miaka mitano iliwezekana.

Ukitaka kipimo cha haraka jiulize: mshtakiwa akitii leo, je adhabu inafutika? Ikifutika hiyo ni ya madai. Isipofutika ni ya jinai. Siyo kipimo kamili, wasomi wanabishana mpaka leo, lakini kwa kusoma hukumu hii kinatosha.

Na kuna jambo la kipindi kile ambalo wasomaji wa leo hawalifikirii. Mwaka 1983 sheria ya shirikisho ya kufanya biashara ya nembo feki kuwa kosa la jinai lenyewe ilikuwa bado, ilipitishwa 1984. Kwa hiyo ukimkamata mtu na mikoba feki ulikuwa unamdai tu. Lakini mtu mwenye zuio juu ya kichwa chake, huyo ulikuwa na njia ya kumpeleka jela, na njia yenyewe ni dharau ya mahakama. Mi naona ndo sababu Vuitton waliing'ang'ania hii njia, ingawa hukumu haisemi hivyo moja kwa moja.

Hatua ya 4: tafuta swali, na uandike pia lisiloulizwa

Kwenye karatasi yako chora mstari katikati. Kushoto andika kilichobishaniwa Mahakama ya Juu, kulia kisichobishaniwa.

Kulia utaandika: kama mikoba ilikuwa feki, kama zuio lilikuwa halali, kama nembo ya Vuitton inastahili ulinzi. Hakuna hata moja lililoamuliwa pale. Kushoto yanabaki mawili tu. Moja, jaji anayo mamlaka ya kumteua wakili binafsi aendeshe mashtaka ya kudharau mahakama? Pili, kama anayo, anaweza kumteua wakili wa yule yule anayefaidika na amri iliyovunjwa?

Ukishaona hilo, wale wanaoitaja hukumu hii kama hukumu ya alama za biashara utawaonea huruma tu.

Hatua ya 5: fuata hoja, na usikubali jibu la neno moja

Swali la kwanza jibu ni ndiyo. Jaji Brennan, aliyeandika, anasema mahakama ina mamlaka ya asili ya kulinda amri zake, haiwezi kukaa inasubiri serikali ijisikie kushtaki, maana hapo mahakama itakuwa inategemea hisani ya mhimili mwingine ili iheshimiwe. Lakini, na hii lakini ndo watu wanaisahau, mahakama itumie nguvu ndogo kabisa inayotosha, kwa hiyo kwa kawaida ianze kwa kuwaomba mawakili wa serikali waishike kesi, wakikataa ndipo iteue mtu binafsi. Utaratibu wa kuteua kwanza halafu unawataarifu, wao wanakutakia kila la heri, huo siyo unaotakiwa.

Swali la pili jibu ni hapana, na hapa Brennan anashuka na sababu nzito. Mwendesha mashtaka kazi yake siyo kushinda, ni haki itendeke kwa niaba ya umma. Wakili wa Vuitton kwa maadili ya kazi yake analazimika kumpigania mteja wake kwa nguvu zote. Sasa mtu mmoja huyo huyo atawatumikiaje wote wawili? Anaweza kushawishika kusukuma kesi dhaifu kwa sababu mteja atanufaika na pesa au nafasi kwenye kesi nyingine. Au anaweza kushawishika kuachia kesi nzuri kwa sababu washtakiwa wamekubali kulipa vizuri kwenye kesi ya madai. Na Brennan hasemi kwamba lazima ithibitishwe wakili huyu alifanya hivyo, anasema ile nafasi yenyewe ya kushawishika inatosha kumwondoa. Mwanasheria wa serikali akiwa na maslahi ya kifedha kwenye kesi ni kosa kisheria, itakuwaje wa kuteuliwa aruhusiwe?

Upande wa Vuitton walikuwa na hoja ambayo siyo ya kijinga: nani anaijua kesi kuliko wakili aliyeipigania miaka mitano, nani atajua zuio limevunjwa kama siyo yeye? Jibu la mahakama ni la kuandika kwa wino mwekundu. Huo ujuzi wake autumie kumsaidia mwendesha mashtaka asiye na maslahi, lakini hauwezi kuwa sababu ya yeye kushika usukani.

Mimi binafsi naona hapa ndipo hukumu ilipo na uzito wake. Fikiria maamuzi yaliyokuwa mikononi mwa wakili mmoja wa kampuni kwa ule mwezi: nani atategwa, nani aachwe, kanda gani irekodiwe, nani apewe nafasi ya kukiri. Mtu wa kawaida akisikia "Marekani dhidi yako" anadhani ni serikali, kumbe ni mpinzani wake wa biashara amevaa koti la serikali.

Hatua ya 6: hesabu kura sehemu kwa sehemu

Hukumu za Marekani usizihesabu kama matokeo ya mpira. Ukisema tu "walishinda" hujasema kitu, maana jaji anaweza kukubali sehemu moja akakataa nyingine. Kwa hii fanya hivi:

Kwamba mahakama inaweza kuteua wakili binafsi: wote isipokuwa Jaji Scalia. Yeye alisema kushtaki ni kazi ya mhimili wa utendaji, jaji hana ruhusa ya kumtengeneza mwendesha mashtaka, basi. Lakini akakubali hatia zifutwe.

Kwamba wakili wa mwenye maslahi haruhusiwi: majaji saba nyuma ya Brennan akiwemo yeye mwenyewe. White peke yake alikataa kabisa hatia zifutwe, akasema naye angependa mawakili wa namna hii wasiteuliwe lakini haoni kanuni inayokataza.

Kwamba kosa hili linafuta hatia moja kwa moja bila kuangalia kama lilibadilisha matokeo: hapa Brennan ana Marshall, Blackmun na Stevens tu, jumla wanne. Huo siyo wingi kati ya majaji tisa. Powell, akiwa na Rehnquist na O'Connor, walisema kosa lipo ila kesi irudishwe mahakama ya rufaa waangalie kama lilileta madhara. Kilichookoa washtakiwa ni Scalia aliyefika pale pale kwa njia yake. Wanne na mmoja, watano.

Kwa hiyo ukiandika kwenye insha yako "Mahakama iliamua kwamba kosa hili siku zote linafuta hatia", mwalimu mkali atakukata alama na atakuwa sahihi.

Hatua ya 7: angalia imesimama kwenye mguu gani

Fupi lakini usiiruke. Wingi haukusema Katiba inakataza. Walitumia mamlaka yao ya kusimamia mahakama za shirikisho. Maana yake hukumu hii inazibana mahakama za shirikisho moja kwa moja, mahakama za majimbo hazibanwi kwa namna hiyo. Blackmun ndiye aliyetaka kwenda mbali, aliandika kwamba kwake yeye hili ni suala la haki ya kikatiba ya mtu kutendewa kwa utaratibu wa haki.

Hatua ya 8: hakikisha bado ipo hai

Mwaka 2002 kanuni namba 42 ya mwenendo wa jinai wa shirikisho iliandikwa upya, na ukiisoma utasikia sauti ya Brennan humo ndani: mahakama lazima iombe wakili wa serikali aendeshe mashtaka, isipokuwa maslahi ya haki yanataka mwingine, na serikali ikikataa lazima mahakama iteue wakili mwingine.

Afu kuna kesi ya Steven Donziger, yule mwanasheria aliyepambana na Chevron kuhusu uchafuzi wa mafuta Ecuador. Alishtakiwa kwa dharau ya jinai, waendesha mashtaka wa serikali wakakataa, jaji akateua wakili binafsi, akahukumiwa miezi sita mwaka 2021. Machi 2023 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa yake, ila Gorsuch akiungwa mkono na Kavanaugh waliandika kupinga kukataa huko, na hoja yao ni ile ile ya Scalia ya 1987. Kwa hiyo ule wasiwasi wa jaji mmoja haujafa, una watu wawili sasa na pengine wataongezeka.

Hatua ya 9: itumie

Kama una zuio juu yako Marekani na umepokea karatasi inayosema umelikaidi, kabla ya kubishana kuhusu mikoba, viatu au spea, uliza vitu hivi kwa mpangilio huu: hii ni dharau ya madai au ya jinai? Nani amesaini kama mwendesha mashtaka? Huyo mtu au ofisi yake inamwakilisha nani kwenye kesi ya awali au kesi nyingine yoyote dhidi yako? Mawakili wa serikali waliombwa kwanza, na jibu lao liko wapi kwa maandishi? Ukikuta wakili wa mpinzani wako ndiye anaendesha mashtaka ya jinai, mpe wakili wako ile namba 481 U.S. 787 na apinge uteuzi mapema, mbele ya jaji wa kwanza, kama walivyofanya hawa, maana hoja usiyoileta mapema rufaa inaweza isikusikilize.

Kama we ndo mwenye nembo na umevunjiwa zuio, na una hasira, usimpeleke wakili wako aombe kuwa mwendesha mashtaka. Utatumia mamilioni, utashinda kwa juri, halafu miaka kadhaa baadaye vyote vinafutwa kama ilivyowakuta Vuitton. Kusanya ushahidi, wakabidhi serikali, na kama unataka hela zako na kumzuia mtu haraka, dharau ya madai wakili wako anaruhusiwa kuiendesha bila shida yoyote.

Na kwa mliopo huku Afrika Mashariki, hukumu hii haiwafungi majaji wenu, unaweza kuitaja kama ya kushawishi tu. Kwanza soma za kwenu. Kenya kwa mfano, Kanuni za Mwenendo wa Madai, Amri ya 40, zinaruhusu aliyekaidi zuio afungwe hadi miezi sita ndani ya kesi hiyo hiyo ya madai, na Katiba ya 2010 kifungu cha 157 kinampa mkurugenzi wa mashtaka ya umma nafasi ya kuchukua kesi ya jinai iliyoanzishwa na mtu mwingine, kwa ridhaa ya mtu huyo. Ukishajua hivyo viwili ndo unaweza kurudi kwa Brennan ukaona wapi hoja yake inaingia na wapi haiingii.